Kuzunguka Brugge na mtoto mchanga mgongoni

Mwezi wa Mei tulikwenda Ubelgiji kumtazama wifi yangu anayeishi Antwerp, tukatenga siku nne za kukaa Brugge. Salma alikuwa na miezi minane: anatambaa, ana meno mawili, na penye kelele halali. Nilikwenda na kigari kipya cha magurudumu manne. Siku ya kwanza tu, kabla hatujafika uwanja wa katikati ya mji, gurudumu la mbele lilizama kati ya mawe mawili, kigari kikainama na mtoto akaamka akilia. Tulikirudisha chumbani, nikafungua kanga.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, na jambo hilo nilipaswa kulijua. Kwetu Mkunazini hakuna mama anayesukuma kigari kwenye vichochoro; mtoto huchukuliwa kiunoni au mgongoni, basi. Brugge nao ni mji wa mawe na vichochoro, na miji hii miwili iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2000. Barabara zake za zamani zimetandazwa mawe ya duara ambayo kwa Kiholanzi huitwa kinderkopjes, yaani vichwa vidogo vya watoto. Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi anayekwenda huko, au mji mwingine wa zamani wa Ulaya unaofanana nao, akiwa na mtoto wa kati ya miezi minne na mwaka mmoja hivi.

Hatua ya 1: Karatasi za mtoto, mapema

Mtoto mchanga ni msafiri kamili mbele ya ubalozi. Anahitaji pasipoti yake, ombi lake la viza ya Schengen na picha yake. Ada ya viza kwa mtoto wa chini ya miaka 6 hakuna, lakini fomu inajazwa kama ya mtu mzima na wewe unatia saini kwa niaba yake. Bima ya safari lazima imtaje naye kwa jina, na ifike angalau euro 30,000. Beba cheti cha kuzaliwa. Kama mzazi mmoja anabaki nyumbani, aandike barua ya ridhaa iliyothibitishwa na wakili. Unaweza kuulizwa hata uwanja wa ndege wa huku kwetu.

Ukikata tiketi, omba siku hiyo hiyo kile kitanda kidogo kinachofungwa ukutani mbele ya viti. Viko vichache kwenye ndege, na kila shirika lina kikomo chake cha uzito wa mtoto. Safari ya usiku bila kitanda hicho, mikono yako ndiyo kitanda.

Hatua ya 2: Chumba, uliza mambo manne

Usimwandikie mwenye nyumba kuuliza tu "mnapokea watoto?" Wote watasema ndiyo. Uliza hivi.

La kwanza, ngazi. Nyumba za zamani za Brugge ni nyembamba na ndefu, na ngazi zake nyingine zimesimama kama ngazi ya mnazi. Sisi tulipewa chumba cha juu kabisa, lifti hakuna, na kila tulipopanda mmoja alibeba mtoto na mwingine mizigo. Uliza kama kuna lifti au chumba cha chini.

La pili, birika la umeme. Usiku wa manane ukihitaji maji ya moto ya maziwa, jiko la hoteli limefungwa.

La tatu, pazia zito. Mwezi wa Juni jua la Brugge linazama karibu saa nne usiku. Mtoto wa kwetu, aliyezoea giza kuingia saa moja, atakukodolea macho. Nilibandika kanga mbili dirishani kwa vibanio vya nguo, na zikafaa kuliko pazia la chumba.

La nne, kengele. Mnara wa Belfort ulioko uwanja wa Markt una kengele 47, na mchana zinapiga kila robo saa. Ni muziki mtamu, mimi niliupenda, lakini si wa kulalia mchana. Tafuta chumba mtaa wa Sint-Anna, upande wa mashariki. Ni kimya, watu wa mji ndio wanaokaa huko, na ni karibu na vinu vya upepo nitakavyovieleza chini.

Hatua ya 3: Funga mzigo mdogo

Mbeleko moja nzuri, au kanga mbili za pamba zilizofuliwa mara nyingi zikalainika. Kigari cha mwavuli, kile chepesi kinachokunjwa kwa mkono mmoja. Kitakufaa uwanja wa ndege, stesheni na siku ya vinu, si katikati ya mji. Chupa ya chai ya nusu lita ya kuwekea maji ya moto. Kofia ya masikioni, soksi za ziada, na nguo nyepesi za kuvaliwa moja juu ya nyingine, kwa sababu siku ya Mei huanza na baridi ya kutetemesha na mchana ukavua sweta. Adapta ya umeme: soketi zetu ni za pini tatu bapa, za Ubelgiji ni za pini mbili za duara. Dawa ya homa ya mtoto aliyoizoea, pamoja na kipimo chake.

Nepi beba za siku tatu tu. Maduka ya Delhaize, Carrefour na Kruidvat yanazo. Huko wengi wanaziita "pampers" kama sisi, ingawa kwenye rafu utasoma "luiers". Jumapili maduka mengi hufungwa au hufunguliwa nusu siku, kwa hiyo nunua Jumamosi.

Kuhusu mbeleko na baridi: watu huogopa wakamvisha mtoto makoti mawili kisha wakamfunga mgongoni, akatoka jasho, na jasho likapoa. Mgongo wako ni jiko. Mvishe fulana, sweta na kofia, mfunge, halafu koti lako wewe au shuka la sufu lipite juu yenu nyote. Ingiza vidole nyuma ya shingo yake kila baada ya muda: iwe vuguvugu na kavu. Uso wake usifunikwe kamwe, na kidevu kisibane kifuani.

Hatua ya 4: Kutoka uwanja wa ndege

Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wa ndege wa Brussels, ulioko Zaventem. Unashuka kwa lifti na mizigo yako. Mtoto mchanga halipi nauli. Angalia kama treni yako inakwenda moja kwa moja au unabadilisha mjini Brussels. Kutoka Brussels hadi Brugge ni kama saa moja. Ubao wa Flanders, upande wa Ubelgiji unaozungumza Kiholanzi, unaandika Brugge, lakini maeneo ya Kifaransa huandika Bruges. Ni mji ule ule.

Saa za treni huandikwa kwa mtindo wa saa 24, na mtu aliyechoka anayefikiri kwa saa za Kiswahili hukosea kirahisi. Treni ya 14:06 ni saa nane na dakika sita mchana. Niliandika saa zetu kwa kalamu pembeni ya kila tiketi.

Hatua ya 5: Toka alfajiri

Hapa ndipo penye siri ya mji huu kwa mzazi kutoka kwetu. Kiangazi, saa ya Ubelgiji iko nyuma ya yetu kwa saa moja tu. Mtoto anayeamka saa kumi na mbili asubuhi nyumbani, Brugge ataamka saa kumi na moja alfajiri. Usihangaike kumrudisha usingizini. Katikati ya Mei jua huchomoza kabla ya saa kumi na mbili, na watalii wa siku moja, ambao ndio wanaoujaza mji hata usipate pa kupita, hawafiki mpaka saa nne au saa tano. Una saa nne au tano za mji mtupu. Mnyonyeshe, mbadilishe nepi, mfunge, toka. (Desemba hesabu hii haifanyi kazi: tofauti inakuwa saa mbili na jua linachomoza karibu saa tatu asubuhi.)

Anzia upande wa stesheni, kusini. Ingia bustani ya Minnewater, ziwa dogo lenye miti mirefu. Pana bata-maji weupe wenye shingo ndefu, wakubwa kuliko mtoto wako, basi msimame hatua kadhaa mbali. Wenyeji husimulia kwamba mwaka 1488 watu wa Brugge walimkata kichwa ofisa wa mtawala Maximilian aliyeitwa Pieter Lanckhals, jina linalosikika kama "shingo ndefu", na Maximilian akaulazimisha mji ufuge ndege hawa daima. Ni hadithi, lakini ndege wapo. Salma alikaa mgongoni akiwatazama kimya kwa muda ambao hajawahi kukitazama kitu kingine chochote.

Ukivuka daraja dogo unaingia Begijnhof, ua wa nyumba nyeupe uliozunguka uwanja wa majani na miti. Ulianzishwa mwaka 1245 na Margareta wa Constantinople, mtawala wa Flanders, uwe makazi ya wanawake waliotaka kuishi maisha ya ibada bila kuweka nadhiri za utawa. Tangu 1927 wanakaa masista wa Kibenediktini. Kuingia uani ni bure, na wanaomba watu wanyamaze. Kama mtoto anasinzia, tembea polepole kuzunguka ua huu mara mbili; atalala. Kama analia, pita upesi na urudi siku nyingine.

Kutoka hapo fuata Katelijnestraat na Mariastraat kwenda kaskazini. Kushoto kwako ni Sint-Janshospitaal, hospitali iliyoanzishwa karne ya 12, siku hizi makumbusho yenye picha za mchoraji wa zamani Hans Memling. Kulia ni kanisa la Mama Yetu, Onze-Lieve-Vrouwekerk, lenye mnara wa matofali unaopita mita 115. Endelea ukingoni mwa mfereji wa Dijver hadi Rozenhoedkaai, kona inayopigwa picha kuliko zote mjini. Saa moja asubuhi tulikuwa peke yetu pale, maji yametulia, nyumba zimesimama kichwa chini ndani yake. Piga picha yako sasa. Saa sita mchana hutaiona hata kingo ya daraja.

Neno la tahadhari: sehemu nyingi za mifereji hazina uzio, au ukuta wake unafika magotini. Mtoto anayetambaa asiwekwe chini kabisa kando ya maji, hata kwa dakika ya kufunga viatu.

Malizia Burg na Markt, nyanja mbili zinazopakana. Njia nzima haifiki kilomita 3, na sisi tuliimaliza kwa saa mbili na nusu pamoja na kusimama kunyonyesha. Jumatano asubuhi kuna soko Markt. Nenda ukanunue matunda.

Hatua ya 6: Chakula, maziwa na nepi

Maji ya bomba ya Ubelgiji yananyweka, lakini ya kukorogea maziwa ya unga chemsha kwa birika na uyatie kwenye chupa ya chai yakiwa moto. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani ni unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi 70, kisha yapozwe, kwa sababu unga wenyewe si kitu kisicho na vijidudu. Mikahawani ukiomba maji ya moto tu utapewa, ila omba kwa heshima na uagize na wewe kikombe cha kahawa.

Kunyonyesha hadharani hakuna anayekushangaa. Nilijitanda mtandio kama nyumbani, nikakaa kwenye benchi, na hakuna aliyenitazama mara mbili.

Kwa mtoto aliyeanza kula, omba stoemp. Ni viazi vilivyopondwa pamoja na karoti au mboga nyingine, chakula cha kawaida cha Wabelgiji, na hakina tofauti kubwa na viazi unavyomponda mtoto wako kila siku. Waambie wakutolee kidogo kabla hawajatia chumvi. Supu ya mboga ya siku nayo ni nzuri. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimwonjeshe asali, wala kitu cha kuoka kilichopakwa asali. Na kwa wenzangu Waislamu: chipsi za Kibelgiji kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya ng'ombe, kwa hiyo uliza kabla ya kununua; wapo wanaotumia mafuta ya mimea.

Majiko mengi ya mikahawa hufunga kati ya saa nane na nusu mchana na saa kumi na mbili jioni. Mtoto haijui ratiba hiyo. Kula saa sita, na beba ndizi mbili mkobani.

Choo cha umma hulipiwa, kwa kawaida senti 50 hadi euro moja, na meza ya kubadilishia nepi mara nyingi iko upande wa wanawake, jambo linalonikera kwa ajili ya akina baba. Makumbusho ndiyo yenye vyoo safi zaidi. Ukiwa na tiketi yake, mbadilishe mtoto humo kabla ya kutoka.

Hatua ya 7: Mlangoni pa kupokezana

Belfort ina ngazi 366, zimejipinda, na juu kabisa watu wawili hupishana kwa taabu. Usipande na mtoto mgongoni. Ukijikunja kupisha mtu, kichwa chake kiko karibu na ukuta. Pokezaneni. Baba Salma alipanda kwanza mimi nikakaa uwanjani na mtoto, kisha nikapanda mimi. Hesabu saa moja kila mmoja.

Mashua za mifereji ni rahisi zaidi. Hufanya kazi kuanzia Machi hadi Novemba hivi, mzunguko ni kama nusu saa, na kigari huachwa nchi kavu. Mhamishe mtoto mbele kifuani kabla ya kushuka ngazi za gati. Vivyo hivyo kwenye maduka ya lesi na ya chokoleti: mtoto wa mgongoni mikono yake huioni, na kila kitu pale kinavutika.

Ukiingia jengo moja tu la kulipia, liwe sehemu ya makumbusho ya lile kanisa la Mama Yetu. Humo imo sanamu ya marumaru ya Mariamu na mtoto, iliyochongwa na Michelangelo kati ya 1501 na 1504 na kununuliwa na wafanyabiashara wa nguo wa Brugge. Wafaransa waliichukua mwaka 1794, ikarudi. Wajerumani wakaichukua 1944, ikapatikana katika mgodi wa chumvi wa Altaussee huko Austria, ikarudi tena. Mtoto wake hajapakatwa. Amesimama kati ya magoti ya mama, mguu mmoja umeanza kushuka, na mkono wake umeshika mkono wa mama. Mimi ni Mwislamu na sikwenda kuabudu. Nilisimama pale kama mama wa mtoto anayejifunza kusimama, na machozi yalinitoka. Nenda siku ya kazi asubuhi, maana Jumapili asubuhi kuna misa.

Hatua ya 8: Siku moja ya kigari

Siku ya tatu mgongo utaanza kulalamika. Siku hiyo toa kigari uende vesten, njia inayouzunguka mji pale palipokuwa na ngome. Ni tambarare, haina yale mawe ya duara, ina majani na miti pande zote. Upande wa mashariki, Kruisvest, pamesimama vinu vya upepo vinne juu ya vichuguu vya majani. Sint-Janshuismolen ni cha mwaka 1770 na kiko pale pale kilipojengwa. Tandika kanga majanini, mbali na barabara ya baiskeli, umwache mtoto atambae. Baiskeli za huko zina kasi na hazina sauti. Tazama pande zote mbili kabla ya kuvuka njia yao.

Watoto wakubwa kidogo watapenda bembea za Koningin Astridpark, katikati ya mji.

Hatua ya 9: Mtoto akiugua

Duka la dawa ni apotheek, lenye msalaba wa kijani. Wafamasia wanajua Kiingereza na wanatoa ushauri mzuri kwa mambo madogo. Daktari wa usiku na wa mwisho wa juma hupatikana kwa kupiga 1733. Dharura ni 112, nchi zote za Umoja wa Ulaya. Hospitali kubwa ya mji inaitwa AZ Sint-Jan na imerithi jina la ile ya karne ya 12. Andika uzito wa mtoto kwa kilo kwenye simu yako, maana ndilo swali la kwanza utakaloulizwa.

Hatua ya 10: Kurudi

Ondokeni Brugge zikiwa zimebaki saa tano au zaidi kabla ya ndege kuruka. Kwenye mkoba wa mkononi weka nepi nne, nguo kamili za mtoto na blauzi yako moja. Maziwa, uji na maji ya mtoto ya safari yanaruhusiwa kupita ukaguzini hata yakizidi mililita 100. Yatoe mwenyewe na umwonyeshe ofisa kabla mkoba haujaingia kwenye mashine. Mbeleko utaambiwa uifungue, kwa hiyo mfungue mtoto ukiwa bado kwenye foleni, umpakate, na kanga uitupie begani.